Mwalimu Debora Haendi Dodoma

Katika Shule ya Msingi Ebeneza, nje kidogo ya Kibara, karibu kila tangazo la Jumatatu asubuhi liliishia kwa jina moja. Mwalimu mkuu, Mwalimu Mugeta, alikuwa anasimama kwenye ngazi za kanisa, kwa sababu shule ile ndogo ya Kilutheri haikuwa na jukwaa lake, anasoma mambo ya wiki, kisha anamalizia: "Mwalimu Debora atasimamia." Kwaya ya darasa la pili kuimba Jumapili, Mwalimu Debora. Miche ya miti kufuatwa Bunda, Mwalimu Debora. Wageni, chai ya wageni, viti vya wageni, vyote vyake.

Ndiyo maana Jumatatu ile watu waligeuka kumtazama aliponyoosha mkono kama mwanafunzi. Mwalimu Mugeta alikuwa ametangaza mapema safari ya darasa la sita kwenda Butiama, na baada yake, Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, mahafali ya darasa la saba pamoja na Siku ya Wazazi.

"Mwalimu mkuu, naomba safari aisimamie Mwalimu Stellah," alisema Debora. "Na mahafali pia awe mbele yeye. Mimi nitakuwa nyuma yake."

Mwalimu Mugeta akashusha miwani. Mwalimu Stellah, binti aliyetoka Musoma mjini mwaka mmoja uliopita na ambaye bado alikuwa anawaogopa wazazi, akatazama viatu vyake. Hakuna aliyebisha. Ila tangu siku hiyo watu walianza kujiuliza.

Sababu aliijua Debora peke yake. Siku moja, akiwa anaoga, mkono wake uligusa kitu kigumu chini ya titi la kushoto, kidogo kama punje ya karanga. Alisimama pale bafuni mpaka maji ya ndoo yakapoa. Mama yake alikufa kwa ugonjwa wa titi, kijijini kwao upande wa Butiama. Alificha kidonda chini ya khanga kwa muda mrefu hivi kwamba siku alipokubali kupelekwa hospitali, madaktari hawakuwa na la kufanya zaidi ya kumpa dawa za maumivu. Debora ndiye aliyekuwa akimwosha. Kwa hiyo hakungoja. Alikwenda kituo cha afya, akatumwa Bunda, na Bunda wakamtuma Musoma. Kule daktari alichukua kinyama kwa sindano na kumwambia kwamba kitapelekwa Mwanza kupimwa, na majibu arudi kuyachukua Ijumaa, mkesha wa mahafali.

Kwa mwalimu mkuu aliaga tu kwamba ana mambo yake binafsi Musoma. Mume wake, Alfonce, alikuwa kisiwani Rukuba, kwenye kambi yake ya uvuvi, na kule ili upate mtandao ni lazima upande juu ya mwamba. Debora aliona kwamba habari ya namna ile haifai kumpa mtu aliyesimama juu ya jiwe. Atamwambia akija. Na kwa sababu hakujua Mwanza watasema nini, akaanza kumfundisha Stellah kila kitu alichokuwa anakifanya bila kufikiri.

"Mzee Ngusa wa ngoma usimpigie simu," alimwambia wakiwa wanapanga madaftari ofisini. "Mfuate nyumbani kwake. Ukimpigia anakubaligi, halafu haji."

"Sawa."

"Kwaya ya darasa la pili huwaga wanaanza juu mno. Waanzishie chini. Wakifika ubeti wa pili watakuwa wameshapanda wenyewe. Na chakula, anza kuwapakulia wazee wa kijiji. Mchungaji hana neno, yeye atasubiri."

Stellah aliacha kupanga. "Kwa nini unaniambia yote kwa mara moja, Mwalimu?"

"Ili uyajue," alisema Debora, na akaongea habari za masufuria.

Wiki tatu baadaye, Jumanne, ikawa safari ya Butiama, na Stellah aliiendesha vizuri. Alikumbuka mifuko ya watoto wanaotapika garini. Alikumbuka kuwapanga wafupi mbele walipoingia makumbusho ya Mwalimu, Baba wa Taifa, ili nao waone. Watoto walizunguka wakinong'ona, wakauliza maswali mengi kuhusu pipa la kuhifadhia nafaka kuliko kuhusu siasa, kisha wakaenda kukaa juu ya miamba kula viazi vitamu na mayai ya kuchemsha. Debora alikaa mbali kidogo nao. Kutoka pale aliweza kuona mteremko wa kijiji chao. Kaburi la mama yake halikuonekana, lakini alijua liko wapi.

Stellah akaja akakaa kando yake. Alikuwa ameshika yai ambalo hajalimenya.

"Mwalimu," alisema, "tumesikia."

Debora akageuka kumtazama. "Mmesikia kwa nani?"

"Kwa watu. Kuna mzazi alikuona Musoma, basi habari ikazunguka. Hatutaki kukusumbua na maswali, kama hutaki kusema. Ila tunajua, na tunakuombea."

"Mnajua wote?"

"Wote. Hata mchungaji."

"Watoto wasiambiwe, Stellah. Nakuomba."

Stellah akajifuta macho kwa kiganja. "Baadhi yao wameshajua. Ila usijali, wamepokea vizuri. Tumewaambia kwamba kila mtu siku yake ikifika anakwenda, na kwamba huko unakokwenda ni kuzuri kuliko hapa."

 Debora alisema asante, akainuka kwenda kuwahesabu watoto ambao walikuwa wameshahesabiwa.

Njia nzima ya kurudi aliyakumbuka mambo aliyoyaona wiki zile bila kuyaelewa. Mpishi wa shule alikuwa anamwekea finyango kubwa ya nyama. Mama Helena, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alimshika mkono getini na kuushikilia, kisha akaondoka bila kusema kitu. Mchungaji Abraham alihubiri habari ya safari ya Ibrahimu kutoka nchi ya baba zake, na katikati ya mahubiri alimtazama yeye. Basi wote wanajua, alijiambia. Wote wameshanizika, nami majibu bado sijayapata. Ilimuuma zaidi kuliko sindano.

Kesho yake alasiri, aliporudi kutoka shuleni, alimkuta Alfonce amekaa nje kwenye kigoda. Mbele yake kulikuwa na beseni la sato wabichi. Hakuwa ametazamiwa mpaka mwisho wa mwezi. Binti yao Nyangi, wa darasa la nne, alikuwa amesimama nyuma yake, akaingia ndani haraka alipomwona mama yake, kama mtoto anayejua kwamba wakubwa wana maneno.

"Mgeni wa mwisho wa mwezi, mbona umewahi? Karibu," alisema Debora kwa utani, lakini Alfonce hakucheka.

"Mama Nyangi," alisema, "hivi mume ndiye mtu wa mwisho kuambiwa?"

Debora akaweka mkoba chini. "Nani amekuambia?"

"Kisiwa kizima. Mpaka anayeuza petroli ya boti ameniuliza. Nikabaki nimesimama kama mjinga, sina la kumjibu."

"Nilitaka nikuambie uso kwa uso, baba Nyangi. Si kwa simu."

"Ungeniambia lini? Ukishafika?"

"Nikishafika wapi?"

"Dodoma."

Debora alidhani hakusikia vizuri. "Dodoma kuna nini?"

"Si ajira yako ya serikali," alisema Alfonce, na sasa sauti yake ilianza kuonyesha kwamba alikuwa ameyasema maneno haya peke yake njia nzima ya maji. "Ulionekana Musoma, kwenye barabara ya ofisi za mkoa. Unamfundisha Stellah kazi zako zote. Watu wana akili, wamejumlisha. Mimi sikatai, serikalini kuna pensheni. Lakini ungeniuliza. Dodoma hakuna ziwa. Mimi nitavua nini kule, zabibu?"

Kicheko kilimtoka Debora kabla hajajua kwamba kinakuja. Alicheka akashika ukuta. Aliyakumbuka maneno ya Stellah juu ya mwamba, huko unakokwenda ni kuzuri kuliko hapa, akacheka zaidi, hadi Alfonce akaanza kutabasamu bila kujua sababu. Kisha kicheko kikabadilika kikawa kilio. Alikaa chini kwenye mkeka karibu na beseni na kumwambia yote, kuanzia bafuni.

 Debora alipomaliza, Alfonce alichukua kisu na sato mmoja akaanza kupara magamba. Alipara upande mmoja, akageuza, akapara upande wa pili, akarudi upande wa kwanza ambao haukuwa na gamba hata moja.

"Mama yako alianza hivi," alisema.

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unakwenda mwenyewe, Bunda, Musoma, unakaa kwenye benchi peke yako."

"Ndiyo."

Akaweka samaki chini. "Ijumaa tunakwenda wote."

"Na kambi?"

"Kambi ina watu."

Ijumaa walipanda basi la kwanza. Hospitalini walikaa kwenye benchi la ukutani, na Alfonce, ambaye kule ziwani kwake hakuwa mtu wa hofu, alisoma kila bango lililobandikwa ukutani kwa sauti ya chini. Alisoma la malaria, la kunawa mikono, la lishe ya watoto, akarudi la malaria. Debora alimwacha. Yeye hakuwa anaona herufi.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa mdogo wake Debora. Alifunga mlango, akakaa, na hakuwazungusha.

"Mama, si saratani."

Debora alimtazama mdomo.

"Ni uvimbe wa kawaida," aliendelea daktari. "Wanawake wengi wanakuwa nao. Hauna madhara, na hautakuua. Tutautazama tena baada ya miezi kadhaa, ukikua tutautoa, usipokua tunauacha. Ulifanya vizuri kuja mapema."

 Alfonce akakohoa. "Daktari, samahani. Naomba urudie taratibu. Mimi ndiye mume."

Daktari akarudia taratibu, neno kwa neno, bila kuchoka, na Alfonce akawa anaitikia kila sentensi kwa kichwa.

Walipotoka nje Debora alikaa kwenye ngazi. Alidhani atalia, lakini machozi hayakuja. Kilichokuja ni njaa. Ilikuwa njaa kali ya mtu aliyelima kutwa, na alitambua kwamba kwa wiki nyingi alikuwa anakula bila kusikia ladha. Waliteremka mpaka Mwigobero, kando ya ziwa, wakaagiza ugali na sato wa kukaanga, na alipomaliza wake akavuta sahani ya Alfonce, akamalizia na mkia wa sato wake. Alfonce alikuwa anamtazama tu. Mabega yake, ambayo tangu Jumatano yalikuwa yamepanda karibu na masikio, yalikuwa yameshuka.

"Sasa," alisema baada ya muda, "habari ya Dodoma tunaifanyaje?"

Debora akatoa simu akampigia mwalimu mkuu. Upande wa pili kulikuwa na kelele za watu wanaosimamisha maturubai.

"Mwalimu mkuu, kuna jambo nataka—"

"Usiseme kitu, Mwalimu," alikatiza Mwalimu Mugeta kwa sauti ya juu. "Tunajua yote na hatuna kinyongo. Kesho uwahi tu, uje na mzee." Akakata. Debora alipiga tena, simu haikupokelewa.

"Mzee ni mimi," alisema Alfonce, akanawa mikono.

Jumamosi aliwahi, lakini hakumpata mwalimu mkuu. Kila alipomkaribia, Mwalimu Mugeta alikuwa na diwani, au na mgeni rasmi, au anatafuta waya wa spika. "Baadaye, Mwalimu, baadaye," alimwambia, na kumwelekeza akakae na wazazi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyatazama mahafali akiwa ameketi. Alimwona Mzee Ngusa akiingia na ngoma zake, na akajua Stellah alimfuata nyumbani. Alisikia darasa la pili wanaanza chini, na ubeti wa pili ukapanda wenyewe kama alivyosema. Wahitimu wa darasa la saba walipita na makoti yao ya kuazima, mama zao wakiwavisha maua ya karatasi. Alikuwa na furaha nyepesi, ya mtu aliyetua mzigo, na kwa muda alisahau kabisa kwamba kuna jambo halijanyooka.

Kisha, kabla ya sala ya kufunga, Mwalimu Mugeta akashika kipaza sauti na kumwita mbele, yeye na mzee wake.

Wakaja. Mama Helena akatokea nyuma ya darasa la tano akivuta mbuzi mweupe mwenye utepe shingoni, na wanawake wawili nyuma yake walibeba vitenge na masufuria mapya. Darasa la pili wakapangwa tena. Stellah alihesabu kwa vidole, nao wakaimba wimbo ambao Debora hakuwahi kuwafundisha: Mwalimu wetu Debora, Dodoma kuna jua, chukua mwavuli, usitusahau. Stellah mwenyewe hakuweza kumaliza kuwaongoza. Nyangi, aliyekuwa amekaa na wenzake, alifunika uso kwa mikono, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko, maana nyumbani alikuwa ameshaambiwa.

Mwalimu Mugeta akampa Debora kipaza sauti. "Sema neno, Mwalimu. Lolote."

Alikishika. Aliwatazama watu wote wale waliovaa vizuri kwa ajili ya kumuaga.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi siendi Dodoma."

Watu wakacheka kidogo, kwa upole. Mwalimu Mugeta akamsogelea. "Usione aibu, Mwalimu. Ajira ni haki yako."

"Sina ajira, Mwalimu mkuu. Sikuomba kazi yoyote. Siendi popote."

Kicheko kikakatika. Mbuzi alilia mara moja. Debora angeweza kuishia pale, na Alfonce alimwambia baadaye kwamba hata yeye alidhani ataishia pale. Lakini aliwaona wanawake wa mstari wa mbele, na akamkumbuka mama yake na khanga yake, akaona kwamba kunyamaza tena haitawezekana.

"Nilikwenda Musoma hospitali," alisema. "Niliona uvimbe kwenye titi. Mama yangu alikuwa nao, akauficha, akafa. Mimi niliogopa, nikaanza kumfundisha Mwalimu Stellah kazi, ili kama nitaondoka shule isihangaike. Nyinyi mkadhani naondoka kwenda Dodoma. Mimi nikadhani mnajua kwamba nakufa." Alisimama kidogo. "Jana nimepewa majibu. Si saratani. Mimi ni mzima."

 Mchungaji Abraham, aliyekuwa amesimama kwa ajili ya sala, alikaa chini, akavua miwani na kuifuta kwa shati. Halafu kigelegele kimoja kikatoka upande wa wapishi, kikapokelewa, na uwanja wote ukajaa sauti. Stellah alikuja mbio, akamkumbatia Debora kwa nguvu, akisema kwenye bega lake, "Mungu wangu, nilikuambia huko ni kuzuri kuliko hapa," na wote wawili wakawa wanacheka na kulia.

Mwalimu Mugeta alisubiri mpaka kukatulia. "Kwa hiyo wiki ijayo upo?"

"Nipo."

"Bwana asifiwe," alisema, na akashusha pumzi ndefu iliyosikika kwenye spika zote.

Debora alitaka kurudisha zawadi. Alimfuata Mama Helena na kumwambia kwamba mbuzi yule ametolewa kwa makosa, wamrudishe alikotoka. Mama Helena alikataa.

"Mbuzi tulimpa mwalimu," alisema. "Hatukumpa Dodoma."

Jioni ilipokaribia, wageni wakiwa wameondoka, Debora alikuwa anasuuza vikombe kwenye tangi la maji nyuma ya jiko. Mama Helena alikuja akasimama karibu naye. Alichukua kikombe kilichokwisha suuzwa akakisuuza tena. 

"Mwalimu," alisema mwishowe, "na mimi ninacho kitu. Huku kwapani. Tangu kabla ya mavuno."

Debora akaacha vikombe. "Umemwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Nilipokushika mkono siku ile pale getini, nilitaka kukuambia wewe. Nikafikiri, anaondoka, nisimbebeshe."

"Jumatatu tutakwenda wote. Unitafute stendi, kwa basi la kwanza. Nitakaa na wewe mpaka wamalize."

"Na kama majibu yatakuwa mengine?"

"Nitakuwa nimekaa hapo hapo."

Mama Helena alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, kama mtu anayejihakikishia, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kupumua. Debora alimwita Stellah, akamwomba amshikie darasa Jumatatu, akamweleza darasa la nne wamefikia wapi kwenye hesabu za sehemu. Stellah hakuuliza anakwenda wapi. Alisema tu, "Nenda, Mwalimu, nitaweza," na Debora aliona kwamba ni kweli, ataweza.

Alipofika nyumbani Alfonce na Nyangi walikuwa uani wanabishana mbuzi afungwe wapi. Debora aliwapita, akavua viatu, akajilaza kitandani na gauni lake la sherehe ili apumzike kidogo kabla ya kupika. Alimsikia Nyangi anacheka nje. Nyangi alipokuja kumuuliza habari ya chakula alimkuta amelala fofofo, jua likiwa bado halijazama, na Alfonce akasema wamwache, leo atapika yeye.